Balbu ya Bakungu

Siku ya tatu sasa Kombi inasukumwa kuja kwangu,
vijana sita wa Ndosho nyuma yake,
matairi yanasaga mawe meusi,
na harufu ya jibini la Masisi
inafika gereji kabla ya gari lenyewe.

"Betri imekufa tena, mama fundi."

Haikufa, Bakungu. Ina njaa.
Juzi uliilaza kwa jirani mwenye chaja, dola moja hadi asubuhi,
leo imekula akiba yote kutoka Sake,
ikakata roho Mugunga, mbele ya askari wa barabarani,
ukalipa mara ya pili.

Nikaanza na mkanda. Nikauminya kwa kidole gumba:
unabonyea kidogo, haulii, hautelezi.
Waya wa ardhi nikaukwangua kutu
mpaka shaba ikacheka.
Fyuzi nzima.
Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe,
nikavimwagia maji ya moto, vikatoa povu
kama mtoto anayekataa uji.
Mumbere akawasha. Nikaweka mita:
kumi na mbili na nukta moja.
Kanyaga, nikamwambia.
Kumi na mbili na nukta moja.
Injini inapiga kelele, altaneta inazunguka
kama mtu anayepita madukani bila pesa.

Hapo wengine wangeng'oa.
Birere wanauza altaneta ya mtumba dola arobaini,
imepakwa rangi ya fedha juu ya uchovu wake,
na Bakungu alikwisha kuja nazo,
amezikunja ndani ya soksi.

Nikasema ngoja.
Altaneta ya Kombi haijui kuanza yenyewe, Mumbere.
Inataka kitu kidogo cha kuichokoza,
umeme mwembamba, kama mate ya kulowesha uzi
kabla haujapita tundu la sindano.
Na umeme huo unapitia wapi?

Mumbere akatazama betri. Akatazama mbingu.

Nikaingiza kichwa upande wa dereva.
Fungua switchi, usiwashe.
Taa ya oili: ipo.
Taa ya betri: giza.
Tundu tu, na juu yake kipande cha gundi nyeusi
kimebandikwa kwa uangalifu, pembe zote nne.

"Bakungu, balbu iko wapi?"
Akachunguza viatu vyake.
"Ile nyekundu? Ilikuwa inanitolea macho usiku mzima,
njo nikaing'oa. Kumbe ulikuwa mkanda.
Nikabadilisha mkanda.
Taa sikuirudisha."

Mumbere alicheka. Mimi sikucheka.
Nimewahi kumkatia simu dada yangu
aliyekuwa akiniuliza kila Jumapili, bila kuchoka,
kama nimekwenda hospitali.

Balbu ya wati mbili, niliitoa kwenye pikipiki iliyokufa,
nikaipangusa kwa pindo la kitenge,
nikaisukuma ndani ya tundu kwa ncha ya kidole.
Ikawaka nyekundu.
Washa.
Ikazimika, lakini kuzimika kwa haki,
kama mlinzi aliyekabidhi zamu.
Kumi na nne na nukta mbili.

Akanilipa faranga, akaongeza jibini nusu,
la mviringo, lenye alama ya kitambaa ubavuni.
Kwa mlango akageuka: "Na ikiwaka tena njiani?"
Simama, nikamwambia. Usiitafutie gundi.

Jioni wingu limejivua juu ya Nyiragongo.
Wekundu uko kule kileleni, mahali pake.
Wageni hutuuliza tunalalaje chini ya kitu kile.
Mimi huchungulia kabla ya kufunga mlango,
nikauona, nikalala.
Usiku nisiouona
ndio ninaoweka viatu karibu na kitanda.